Mawimbi Kwenye Kisu: Unalipia Nakshi au Makali?

Mpwa wangu ni mpishi katika hoteli moja mjini Kisii. Jioni moja alikuja nyumbani, na kabla chai haijamiminwa akanitia simu mkononi. "Mjomba, hebu ona hiki." Kwenye kioo palikuwa na kisu ambacho bapa lake lote lilijaa mawimbi ya kijivu na meupe, kama maji ya Mto Gucha yakizunguka jiwe. Muuzaji alikiita kisu cha Dameski. Bei yake shilingi 1,800, na kuletewa hadi mlangoni. Siku hiyo hiyo kijana alikuwa ameona kingine kinachofanana nacho kama pacha, kwa shilingi 14,000. "Sasa Mjomba, kati ya hawa wawili nani mwongo?"

Wahenga walisema mwana akililia wembe, mpe. Hawakusema umnunulie wa bei gani. Nikamwomba wiki mbili. Katika wiki hizo tusinunue kitu. Tuzunguke, tuulize bei, tushike visu mkononi, na pale tutakaporuhusiwa tukate navyo ndizi mbichi, miwa na nyama. Tulianzia soko la Daraja Mbili, tukapitia madukani mjini, tukaenda kwa wahunzi wa jua kali, tukamalizia Tabaka kwa wachonga mawe. Bei nitakazotaja ni za makadirio na zitasogea, ila umbali kati ya aina moja ya kisu na nyingine haupungui kwa urahisi.

Mawimbi yanatoka wapi

Dameski wengi wetu tunaijua kwa safari ya Paulo katika Matendo ya Mitume. Kwa wapenda visu jina hilo lina habari nyingine, tena habari mbili zilizochanganywa na wauzaji zikawa moja.

Ya kwanza ni ya chuma cha kale. Kusini mwa India na Sri Lanka wafua chuma waliyeyusha chuma chenye kaboni nyingi ndani ya vyungu vidogo vya udongo. Vipande hivyo vilisafirishwa hadi Mashariki ya Kati vikafuliwa kuwa panga za vita. Hakuna aliyeyachora mawimbi yake. Yalijitokeza yenyewe, kaboni ilipojipanga mistari mistari chuma kikipoa na kufuliwa. Ufundi huo ulififia kufikia karne ya 19, na katika miaka ya 1990 Wamarekani wawili, John Verhoeven na Alfred Pendray, walionyesha kwamba siri moja ilikuwa chembechembe za madini kama vanadi zilizokuwamo ndani ya chuma chenyewe. Pwani yetu nayo haikuwa nje ya biashara ya chuma: al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154, alisifu chuma cha Sofala, Msumbiji ya leo, na kueleza jinsi Wahindi walivyokifuata.

Ya pili ndiyo inayouzwa leo karibu kila mahali. Mhunzi huchukua vyuma viwili vya aina tofauti, kimoja chenye nikeli na kingine kisicho nayo, akavipanga kwa zamu, akavichoma hadi vikaribie kuyeyuka na kuvigonga vishikane. Kisha anakunja, anagonga, anakunja tena. Yeyote aliyewahi kupika chapati za kukunja anaujua mchezo huu: unga unasukumwa, unapakwa mafuta, unazungushwa na kusukumwa upya, na ukiuchana unakuta matabaka. Anza na vipande 5, kunja mara 6, una matabaka 320. Mwishoni kisu huchovywa kwenye asidi. Chuma kisicho na nikeli kinaliwa na kuwa cheusi, chenye nikeli kinabaki cheupe, na mawimbi yanaonekana. Mmarekani William Moran ndiye aliyeirudisha sanaa hii mbele ya wanunuzi wa visu alipoonyesha kazi yake mwaka 1973.

Shika jambo moja hapa, kwa sababu bei zote zinalizunguka: mawimbi hayakati. Visu vingi vya kiwandani vinavyotangazwa kuwa na "matabaka 67" vina matabaka 33 upande huu, 33 upande ule, na chuma kimoja kigumu katikati. Kinachokata nyama ni hicho cha katikati peke yake. Hayo 66 yanakilinda na kukipamba.

Chaguo la kwanza: kisu cha sokoni, shilingi 50 hadi 150

Ni kile chembamba chenye mpini wa plastiki, kilichotandazwa kwenye turubai Daraja Mbili, Keroka au Nyamira mjini. Hakipati kutu upesi, na ukikinoa leo kinakata leo. Tatizo ni kesho. Chuma chake ni laini, makali yanajikunja, na katika jiko la hoteli, ambako mtu anamenya ndizi na kukata sukuma wiki tangu alfajiri, kinahitaji kunolewa kila siku. Mpini nao hulegea. Kwa mwanafunzi wa chuo anayejipikia chumbani kinatosha. Kwa mpishi ni kulipa kidogo kidogo bila kumaliza deni.

Chaguo la pili: kisu cha kiwanda chenye jina, shilingi 300 hadi 7,000

Hapa utakuta Tramontina wa Brazil, kampuni ya tangu 1911, na ukienda kwenye maduka makubwa, Victorinox wa Uswisi, wa tangu 1884. Vidogo vya Tramontina vinaanzia mia kadhaa, vikubwa vya mpishi vinapita elfu moja. Cha Victorinox cha mpishi kinaweza kukugharimu elfu tano na zaidi. Havina nakshi, na bapa ni jeupe kama sahani. Lakini chuma kimepimwa, kimechomwa na kupozwa kwa kiwango kile kile kisu baada ya kisu, na mkono unalisikia hilo. Mpwa wangu alikikata kitunguu kwa kimoja cha aina hii, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiki hakina sura, lakini kina kazi."

Chaguo la tatu: kisu cha mhunzi, shilingi 200 hadi 600

Mhunzi tuliyemkuta alikuwa ameketi kando ya springi za lori zilizorundikwa kama kuni. Kijana alimsalimu, "Bwakire, omogaka," mzee akaitikia bila kuacha kuvuta viriba. Springi ya lori ni chuma kizuri kuliko watu wanavyodhani. Kina kaboni ya kutosha kushika makali, na kimetengenezwa kuvumilia kupinda na kurudi kwenye barabara mbovu kwa miaka. Kinachotenganisha kisu bora na kibovu ni moto wa mwisho. Kisu kilichofuliwa kikaachwa kipoe chenyewe ni laini. Kinapaswa kuchomwa hadi sumaku isikishike, kichovywe ghafla, kisha kirudishwe kwenye joto dogo ili kisiwe kigumu cha kukatika kama kioo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza hivi: "Mzee, unazimisha kwa maji au kwa mafuta, na baada ya hapo unafanya nini?" Asiyekuwa na jibu anakuuzia umbo la kisu. Kuna jaribio pia: pitisha tupa taratibu kwenye makali. Ikiuma chuma kama inavyouma msumari, kisu ni laini. Ikiteleza, kimezimishwa.

Hasara yake ni kutu. Eneo letu la Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na kisu cha springi ukikiacha na maji usiku mmoja, asubuhi kina madoa ya rangi ya udongo. Kifute, kipake mafuta kidogo ya kupikia, na kitakuzidi umri.

Chaguo la nne: nakshi ya kuchapwa, shilingi 1,000 hadi 2,500

Hiki ndicho kisu cha shilingi 1,800 kilichomleta mpwa wangu kwangu. Ni chuma kimoja cha kawaida kisichoshika kutu, kikachorwa mawimbi juu kwa mwale wa leza au kwa asidi. Si kibaya kwa lazima. Vingine vinakata vizuri kuliko kisu cha sokoni. Ubaya uko kwenye jina. Ukivua mchoro ule unabaki na kisu ambacho thamani yake haifiki nusu ya pesa uliyotoa, na mchoro wenyewe utauvua tu, kwa sababu kila ukinoa na kila ukisugua kwa sufu ya chuma, mawimbi yanafifia.

Tulikishika kimoja dukani. Makali yalikuwa mazuri ya siku ya kwanza, mpini mzito, sanduku jekundu lenye kitambaa ndani. Sanduku ndilo lilikuwa kazi nzuri kuliko vyote.

Chaguo la tano: matabaka ya kweli, shilingi 5,000 hadi 25,000 na kuendelea

Vingi vinatoka miji mitatu mashuhuri kwa visu: Wazirabad nchini Pakistan, Yangjiang nchini China, na Seki nchini Japani. Vya Wazirabad mara nyingi hufuliwa kwa mkono, matabaka yakifika hadi kwenye makali. Bei yake ni nafuu, lakini chuma hicho hushika kutu kama springi, na muuzaji asiyeweza kukutajia aina ya vyuma viwili alivyochanganya anakutaka umwamini kwa macho. Vya China na Japani mara nyingi vina ule moyo mgumu wa katikati, kwa mfano chuma kiitwacho VG-10, ambacho ugumu wake hufika kama 60 kwenye kipimo cha Rockwell. Visu vingi vya kawaida vya jikoni viko kwenye 55 au chini yake.

Ugumu huo ni baraka yenye masharti. Makali yanakaa muda mrefu, lakini ni membamba na hayapendi vishindo. Kwenye nyanya na samaki ni raha tupu. Kwenye mbavu za mbuzi yanamong'onyoka, na pengo likishatokea hakuna baiskeli ya kunoa itakayoliondoa bila kula nusu ya kisu. Kwa jiko letu, ambako kisu kimoja kinatarajiwa kumenya, kupasua boga na kuvunja mfupa, hilo ni jambo la kufikiria kabla ya kulipa.

Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, ongeza hesabu ya forodha. Tuseme kisu pamoja na usafiri ni dola 100, na dola ni shilingi 129. Hiyo ni 12,900. Chukua ushuru wa asilimia 25, yaani 3,225. VAT ya asilimia 16 juu ya jumla ya hizo mbili ni 2,580. Ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2 zinaongeza kama 580. Kisu cha 12,900 kimefika karibu 19,300, na msafirishaji hajadai chake. Na kama ndugu aliye ng'ambo anakuletea, mkumbushe akiweke kwenye sanduku la chini. Kwenye mkoba wa mkononi kitaishia uwanja wa ndege.

Somo la Tabaka

Tulikwenda Tabaka kwa sababu jina lilinichekesha: mji wa Tabaka ukituamulia kesi ya matabaka. Tukapata zaidi ya kicheko. Mchonga mawe pale huanza na panga kukata umbo, akaingia na visu vidogo visivyo na urembo wowote, akamaliza kwa msasa na maji. Ni hapo mwishoni, jiwe likiwa limelowa, ndipo mistari ya waridi, kijivu na njano inapojitokeza. Mistari hiyo imepita jiwe zima. Ukilivunja bakuli utaikuta ndani.

Pembeni yake kuna mawe mengine, meupe, yaliyopakwa rangi nyeusi au nyekundu kisha yakachorwa twiga na pundamilia kwa kukwaruza. Nayo ni mazuri, yana wapenzi wake, na hakuna mchongaji anayekuambia kwamba rangi ile ilizaliwa na jiwe. Mpwa wangu aliligeuza bakuli moja, akaangalia chini yake, akaelewa kabla sijasema kitu.

Basi kipime kisu kama jiwe la Tabaka. Kigeuze uangalie mgongo: matabaka ya kweli yanavuka mgongo kama mistari myembamba, ya kuchapwa yanakoma ukingoni. Linganisha pande mbili: ya kweli hayafanani kamwe, ya kuchapwa ni nakala, na mara nyingi umbo moja linajirudia kila baada ya inchi mbili. Angalia karibu na makali: kwenye kisu chenye moyo mgumu utaona mpaka wa mawimbi pale chuma cha katikati kinapochomoza. Na kama kisu ni chako tayari na una wasiwasi, sugua sehemu ndogo kwa msasa laini hadi ing'ae, kisha ipake asidi. Matabaka ya kweli yatarudi. Ya kuchapwa yameondoka moja kwa moja.

Tukija kwenye ladha

Usidhani nampinga kijana kwa kupenda mawimbi. Mtu anayeshika kisu saa kumi kwa siku ana haki ya kutaka kitu cha kupendeza mkononi, kama vile fundi cherehani anavyopenda mkasi wake. Nakshi zenyewe zina aina: kuna ya ngazi, mistari ikipanda bapa kama vipandio, kuna ya matone ya mvua, miviringo midogo iliyotawanyika, kuna ya msokoto, na ya unyoya. Yeye alipenda matone ya mvua. Mimi ngazi zinanichosha macho, na unyoya naona umejionyesha mno. Hapo hakuna mshindi, na hakuna bei inayoweza kuamua.

Ila kisu ninachokipenda kuliko vyote hakikununuliwa kwa nakshi. Ni kisu cha mama yangu kule Nyamira, cha springi, kilichofuliwa kabla sijaanza shule. Bapa lake ni jeusi lenye mawingu ya buluu na kahawia. Mama hakukipaka kitu. Ndizi mbichi zina tanini, na tanini ikikutana na chuma huacha weusi. Miaka ya kumenya matoke imekichora, na weusi ule unapunguza kutu. Chai ya rangi iliyokolea hufanya kazi iyo hiyo kwa haraka: chovya bapa safi la springi humo na siki kidogo, liache saa chache, lifute, rudia. Kwa shilingi hamsini unapata nakshi ambayo hakuna kiwanda kitakachoirudia. Hasara yake ni kwamba kisu cha namna hii, kikiwa bado kipya, kinaweza kuacha weusi kidogo kwenye ndizi au kitunguu. Kikishakolea, hali hiyo hupungua.

Hesabu ya miaka mitano

Kisu cha sokoni cha shilingi 100, ukikibadilisha mara tatu kwa mwaka, ni 1,500 kwa miaka mitano, na siku nyingi kati ya hizo unakata kwa butu. Kisu cha kiwanda cha 1,500 na kinoo cha 800 ni 2,300, na baada ya miaka mitano bado una kisu. Cha mhunzi cha 500 na kinoo hicho hicho ni 1,300. Cha nakshi ya kuchapwa cha 1,800 na kinoo ni 2,600, na mawimbi yamekwisha kufutika. Cha matabaka ya kweli cha 14,000, na vinoo viwili vya daraja laini vya kama 3,000, ni 17,000.

Kinoo nakitaja kila mara kwa sababu kisu cha bei yoyote bila kinoo ni kisu cha miezi mitatu. Mnoaji wa baiskeli anafaa kwa panga na jembe. Kwa kisu kigumu chembamba, cheche zile ni joto, na joto likiligeuza bapa rangi ya buluu, ugumu uliolipia elfu nyingi umeondoka.

Hukumu

Mpishi wa kazi anunue kisu cha kiwanda chenye jina, asijali sura. Mwenye nyumba apite kwa mhunzi anayejua kuzimisha, aagize mpini wa mpera, akipambe kwa chai yake mwenyewe. Matabaka ya kweli ni ya mtu ambaye tayari ana kisu cha kuvunjia mifupa, ana kinoo na anajua kukitumia, na pesa hiyo haitakiwi shuleni. Mtu huyo anunue bila aibu, ajue tu kwamba sehemu kubwa ya alichotoa ni ya macho. Nakshi ya kuchapwa mimi sinunui, labda muuzaji aite kitu kwa jina lake na apunguze bei ifanane na jina hilo.

Mpwa wangu alinunua cha Tramontina cha kazi, akaagiza kimoja kwa mzee wa springi, na picha ya matone ya mvua bado anayo kwenye simu. Tunasema mwenye kisu kikali ndiye hula nyama. Hajatajwa mwenye kisu kizuri. Ukiona mawimbi kwenye simu yako na kidole kikikimbilia M-Pesa, mwombe muuzaji picha moja tu kabla ya kutuma: ya mgongo wa kisu. Akikataa kuipiga, amekwisha kukujibu.